Rimu pana, ndani milimita 23: nifunge tairi la 25, 28 au 30?

mlima_meru (Arusha)

Wakuu habarini za jioni. Naombeni msaada maana nimeshazunguka kwa mafundi hapa mjini na kila mmoja ana jibu lake, mmoja kaniambia tairi ni tairi funga tu twende.

Nina baiskeli ya resi ya alumini, diski breki, rimu zilizokuja nayo ndani zina 17 na nimekuwa nafunga Continental GP5000 za 25 zile za kawaida za tyubu. Sasa kuna jamaa alikuwa anaishi Moshi amerudi kwao Ulaya akaniuzia seti ya rimu za kaboni, kina 45, zimetumika ila ziko safi, nimepima na venia, kile kipimo cha milimita, ndani zinacheza 23 na nje kama 30 hivi. Stika zote alishabandua kwa hiyo hata jina la kiwanda silioni.

Shida yangu ni hii, stoo nina pea nzima ya 25 mpya haijatoka boksi na roho inaniuma kuiacha. Ila nikisoma mtandaoni wengine wanasema rimu ya 23 anzia 28, wengine wanasema 30 kabisa ndo dunia imehamia huko. Fremu yangu mtengenezaji ameandika mwisho 30. Mimi nina kilo 74, nikijumlisha baiskeli, chupa za maji na vikorokoro inafika 86 hivi. Njia zangu ni Usa River hadi Moshi na kurudi, na wikiendi nyingine napanda ya Namanga hadi Oldonyo Sambu, mnazijua zile rasta na mchanga wa pembeni. Upepo nimezoea psi 95 mbele na nyuma.

Nifunge lipi na nijaze ngapi? Nawasilisha.


fundi_spoku (Nairobi)

Mkuu kabla hujafikiria 25 wala 30 kuna kitu kimoja lazima ukijue na hujakitaja, hizo rimu zina mdomo au hazina? Namaanisha ule mdomo mdogo wa ndani juu ya ukuta wa rimu, ule unaoshika ukingo wa tairi ukijaza hewa. Toa tairi, ingiza kidole ndani ya rimu kisha kivute kwenda juu kando ya ukuta. Kikikwama kwenye kijibonge kinachoingia ndani basi mdomo upo. Kikipanda sawasawa hadi nje bila kugusa kitu hiyo ni hukilesi na hapo mazungumzo yanabadilika kabisa. Angalia pia karibu na tundu la valvu au ndani pale tepu inapokaa, viwanda vingine huchapa 622x23TC, hiyo ina mdomo, au 622x23TSS, hiyo ukuta umenyooka. Stika zinabanduliwa lakini maandishi ya ndani mara nyingi hubaki.

Kama ni hukilesi sahau hizo GP5000 zako za tyubu, usizifunge hata kwa kujaribu. Hukilesi inataka tairi la tyubulesi, lile lisilotumia tyubu, ambalo kiwanda kimesema wazi linakubali hukilesi, kwa Continental ni ile S TR, na hewa haivuki bar 5 ambayo ni psi 72 na nusu. Hiyo 95 yako kwenye hukilesi ni kutafuta meno bandia.

Tuseme ina mdomo. Sasa upana. Ile namba iliyoandikwa kwenye tairi inatoka kwenye rimu fulani ya kupimia, si kila rimu. Zamani 25 ilipimwa kwenye rimu ya 17 ndani, siku hizi matairi mapya ya 25 na 28 yanapimwa kwenye 19. Ukifunga kwenye rimu pana zaidi, kingo mbili zinasogea mbali na tairi linatanuka, kwa makadirio kila milimita moja unayoongeza ndani inaongeza kama 0.4 kwenye tairi. Kwa hiyo 28 iliyopimwa kwenye 19 ukiiweka kwenye 23 yako, nne mara 0.4 ni 1.6, unapata karibu 29.6. Tairi linanyooka pia kidogo baada ya kukaa na hewa siku moja mbili, kwa hiyo hesabu 30 tu. Na ile 30 itavuka 30 na fremu yako mwisho 30. Umeona ilipo shida?

Hiyo 25 yako itakuja 27 na kitu, labda 28 kasoro. Itaingia, itakaa, hata utaendesha. Lakini rimu yako nje ni 30, kwa hiyo rimu itakuwa pana kuliko tairi na ukiingia shimo la barabara kona ya kaboni inakutana na lami kabla tairi halijajibinya vizuri. Kwa njia za huko kwenu mimi siwezi kumfungia mteja hivyo. Viwanda vingi vya rimu za 23 vinaandika kuanzia 28 na sababu ni kama hizi.

Funga 28. Uza hizo 25 au ziweke kwa zile rimu zako za 17, hapo ndio kwao.


dada_pedeli

Mimi niko na rimu za 21 ndani na nimeendesha 25 na 28 zote kwenye baiskeli moja, barabara moja, Magadi Road. Wale wameenda Magadi wanajua kutoka Kiserian ukianza kushuka kuna mahali lami ni laini alafu ghafla unaingia mahali imekuwa viraka tupu, na upande wa kurudi unapanda jua likikuchoma mgongo. Na 25 nilikuwa nafika juu mikono imekufa ganzi. Na 28 kwa hewa ya chini napanda na niko na nguvu ya kuongea na watu.

Kitu watu hawaambiani ni kwamba tairi pana kwa rimu pana alafu unajaza ile ile 95 unakuwa umefanya kazi bure, tena itakuwa ngumu kuliko ile 25 ya zamani. Mimi niko na kilo 58 na naweka 55 nyuma, 52 mbele. Wasee wa kikundi wakisikia 52 wanashtuka wanadhani niko na pancha. Lakini kwa lami yetu ya kokoto, ile wanamwaga lami alafu wanatupa kokoto juu, baiskeli ikiruka ruka hiyo ni nguvu yako inapotea, na hiyo nguvu hairudi.

Mlima_meru kaka punguza hewa. Kwa kilo zako jaribu 66 nyuma na 62 mbele na 28, alafu ushuke mbili mbili mpaka uhisi usukani umeanza kuwa mzito kwa kona, hapo rudi juu kidogo.


mzee_wa_chuma (Dar)

Vijana shikamooni kinyume nyume. Mimi nimeendesha chuma tangu enzi za freewili gia sita na tairi zangu ni 23, naweka 110, na huko Bagamoyo Road bado nawapita wenye kaboni zao wakipumzika kivulini. Hii biashara ya kupanua rimu kila mwaka naiona ni ya kuuza rimu. Kwanza ilikuwa 15 tukaambiwa ndio mwisho wa dunia, Mavic Open Pro ile ya 15 ndani nani hakuililia? Ikaja 17, ikaja 19, sasa 23 na 25. Kesho mtafunga matairi ya bodaboda.

Lakini niulize kwa sababu mwanangu kaniletea seti ya rimu za alumini za 19 ndani, nje 24, za breki za pembeni si diski. Breki zangu ni Shimano 105 ile 5700. Tairi la 28 litapita?


fundi_spoku

Marahaba haijakaa sawa hapo mzee lakini tumekupata 😄 shikamoo.

Hizo 5700 zilitengenezwa kwa tairi hadi 25. 28 kwenye rimu ya 19 itakaa 28 kamili au inazidi kidogo na mara nyingi itagusa daraja la breki juu, au utashindwa kutoa gurudumu bila kutoa upepo kwanza. Shimano wakaja kufungua nafasi baadaye, 105 R7000 na Ultegra R8000 zinakubali 28. Kwako 25 kwenye hiyo rimu ya 19 itakuja 25 hadi 26 na kitu, inategemea ni tairi la toleo gani, na hiyo kwenye fremu ya chuma ya zamani ni karibu na mpaka. Pima nafasi iliyobaki, inatakiwa angalau milimita 4 kati ya tairi na chochote, pembeni na juu, maana gurudumu likipinda kidogo au ukiokota kijiwe kikanata kwenye mpira kitakula rangi ya fremu zunguko kwa zunguko.

Kitu kingine, rimu yako ya zamani nje ilikuwa 19 au 20, hii mpya 24, basi legeza waya wa breki kabla hujaingiza gurudumu, pedi zianze mbali. Watu wengi hubadilisha rimu halafu wanakuja kwangu wakisema gurudumu limepinda kumbe pedi tu inagusa.

Na hiyo 110 mzee, kwenye rimu ya 19 na tairi la 25, shuka hadi 80 kwa wiki moja tu. Usinijibu kabla ya wiki.


mzee_wa_chuma

80 ni ya kuendea sokoni.


nipo_leeds

Niongezee kwenye hukilesi kwa sababu naona watu wananunua rimu mtandaoni bila kuuliza. Huku tulikuwa na mjadala mkubwa baada ya mashindano ya UAE Tour ya Februari 2024, mwendesha baiskeli wa kulipwa Thomas De Gendt alianguka na tairi likatoka kabisa kwenye rimu. Ilikuwa rimu ya hukilesi ya ndani 25 na tairi la 28. Watengenezaji walisema alipiga jiwe, na inawezekana, lakini mabishano yakahamia kwenye upana maana mwongozo wa ETRTO, shirika la Ulaya la viwango vya matairi na rimu, kwa rimu ya 25 unataka tairi lianzie 29. Adam Hansen aliyekuwa akiongoza wakati huo chama cha waendesha baiskeli wa kulipwa, CPA, alizipinga hukilesi waziwazi. Kwa hiyo upana wa tairi kwa rimu pana si suala la kupendeza tu, ukienda chini mno ukingo unakuwa umevutwa sana pembeni na kwenye hukilesi hakuna mdomo wa kuushika.

Mimi binafsi nina hukilesi na sina wasiwasi nazo, ila nafuata maandishi ya kiwanda cha rimu na ya kiwanda cha tairi, na wakitofautiana namfuata aliye mkali zaidi. Hata kwenye rimu yenye mdomo fanya hivyo hivyo, tairi likisema mwisho 95 na rimu ikisema mwisho 80, mwisho wako ni 80.

Sasa kuhusu upepo wa mbele maana rimu za kina 45 watu wananunua kwa ajili ya spidi. Kuna kanuni ya 105 ya Josh Poertner, yule mhandisi aliyekuwa kiwanda cha rimu cha Zipp sasa yuko Silca ya pampu, inasema rimu kwa nje iwe angalau asilimia 105 ya upana halisi wa tairi ndipo hewa inayopasuliwa na tairi iweze kurudi kushika ubavu wa rimu. Kwa rimu ya 30, 30 gawa kwa 1.05 ni 28.5. Kwa hiyo tairi lenye upana halisi hadi 28 na nusu ndilo linalotimiza kanuni, na hapo ile 25 yake iliyotanuka inashinda kwenye karatasi. 28 itakayokuwa 29.6 inakosa kidogo.

Ndio maana unaweza kuona mtu wa kushindana na saa anaweka 25 mbele na 28 nyuma. Mbele ndiko upepo unakutana na tairi kwanza, nyuma ndiko uzito uliko.


dada_pedeli

@nipo_leeds hiyo kanuni ni sawa kwa mtu anashindana na lami ya huko kwenu. Hapa ukitoka Rongai mpaka Kiserian matatu inakusukuma kwa ukingo wa barabara kwenye lami imekatika, hiyo asilimia 105 itakusaidia na nini. Watu wengi hapa tunaenda na wastani wa 27, 28, si 45.


nipo_leeds

Hata lami ya huku nayo si ya kujivunia dada 😂 ila nakubali. Kwa mlima_meru ningefunga 28 mbele na nyuma na nisingeipima hiyo kanuni tena.


mlima_meru

Wakuu nimerudi. Asanteni sana hasa fundi_spoku, nimefanya ulichosema. Kidole kimekwama, mdomo upo, na ndani chini ya tepu ya zamani nimekuta maandishi yamefifia, 622x23TC. Kwa hiyo ni zenye mdomo. Namba ya mwisho ya upepo haionekani popote kwa hiyo sitacheza juu ya 80.

Nikaona kabla sijanunua nijaribu ile 25 kuona inakuwaje, si kwa kuendesha, kupima tu. Nimeifunga na tyubu nikaweka 70, nikaiacha usiku, asubuhi venia inasoma 27.6, sehemu nyingine 27.7. Na kweli nikiangalia kutoka juu, ukingo wa rimu unaonekana nje ya tairi pande zote mbili, tairi limekaa katikati limebanwa limekuwa la bapa juu. Sijaipenda. Nimeitoa.

Halafu sasa kisa kipya. Nimeenda duka la spea nikaomba tairi 28 na tyubu zake, muuzaji kaniletea tairi kubwa nyeusi limeandikwa 28 x 1 1/2, nikamwambia hapana la resi, akasema hiyo ndio 28, hakuna 28 nyingine. Tumebishana hadi wateja wakaanza kucheka. Lile ni la nini?


mwanakwetu_dom (Dodoma)

Hahaha pole mkuu, hilo ni la baiskeli za Swala na Phoenix, Wakenya wanaita Black Mamba. Hiyo 28 ya kwao ni inchi za kipenyo kwa nje, haihusiani na upana. Ukiangalia ubavuni kwa herufi ndogo utakuta 40-635, hiyo 635 ndio kipenyo cha pale ukingo unapokaa kwenye rimu, na rimu yako ni 622. Tofauti ni milimita 13 za kipenyo, kwa hiyo litaingia kwa ulaini kabisa na litatoka kwa ulaini huo huo ukiwa kwenye mteremko.

Ukienda dukani usitaje 28. Sema nataka 700 kwa 28, au onyesha maandishi 28-622. Namba ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo. Na kama duka halina za resi uliza tyubu ya 29 ya baiskeli ya mlima, kipenyo ni kile kile 622, ila zitakuwa pana mno kwa 28 yako, ni ya dharura tu ukiwa umekwama Longido.

Tyubu za Swala hata usijaribu, valvu yake ni nene inataka tundu la milimita 8 na nusu, rimu yako ya kaboni ina tundu la 6 na nusu la valvu nyembamba. Kuna fundi nimemuona kwa macho yangu anachukua drili kutanua tundu la rimu ya mtu. Ya alumini. Ya kaboni sijui angefanya nini.

Na kwa kina 45 nunua tyubu yenye valvu ndefu, 60 kwenda juu, 80 ni raha zaidi, la sivyo pampu haitashika.


fundi_spoku

Safi, 27.6 ndio nilitarajia. Ile umbo la bapa uliloona ndilo ninalolisema, tairi la resi linatakiwa likiangaliwa kwa mbele liwe kama yai lililosimama na mabega yake yanaendelea na mstari wa rimu. Likiwa jembamba kuliko rimu linakuwa bapa, ukilala kwenye kona unafika ukingoni mwa mpira mapema. Likiwa pana mno kwa rimu, mfano 32 kwenye ile rimu ya 15 ya mzee wetu, linavimba juu na kiuno kinabana, linaendesheka lakini ukishusha hewa linayumba kwenye kona unahisi kama gurudumu limelegea. Majedwali ya zamani yanaruhusu hilo la pili kwa hiyo usishangae ukiona mtandaoni mtu anakwambia inaruhusiwa.

Sasa hewa, kwa sababu hii 95 naona bado inakusumbua moyoni. Nguvu inayovuta kitambaa cha tairi ni shinikizo mara nusu ya upana wake. 95 kwenye 25 yako ya zamani, tuseme imenyooka hadi 26, ikihamia kwenye tairi la 30, kitambaa kinavutika vile vile ukiwa na 82 tu. Yaani 82 kwenye hii mpya ni ugumu ule ule wa 95 ya zamani, na 95 kwenye hii mpya ni kama umejaza 110 kwenye ile. Na nguvu hiyo hiyo inasukuma kuta za rimu kwenda nje. Ndio sababu viwanda vinashusha mwisho wa hewa kadiri rimu inavyopanuka, haina uhusiano na ubovu wa kaboni.

Hizo 66 na 62 alizosema dada ni pazuri pa kuanzia kwa kilo 86. Silca na Zipp wana vikokotoo vya bure mtandaoni, ingiza uzito na upana HALISI, si ule wa kwenye stika, ukiweka 28 wakati tairi ni 30 kitakupa namba kubwa. Jaza asubuhi kabla ya kutoka, si jana usiku. Na jua la mchana likipandisha joto nyuzi 10 hewa inapanda psi mbili tatu, haina madhara, usianze kutoa toa hewa kila ukisimama.

Jambo la mwisho ambalo hakuna aliyeligusa ni tepu. Rimu yako ya zamani ya 17 ilikuwa na tepu nyembamba, usiihamishe. Kwa 23 ndani unataka tepu ya 25 au zaidi, ifunike kitanda chote cha rimu hadi ipande kidogo kwenye kuta. Ikiwa nyembamba inasogea, tundu la spoku linabaki wazi na tyubu inajipenyeza humo, utapata pancha upande wa ndani wa tyubu na utamlaumu mchanga wa Namanga.


mlima_meru

Tepu ya 25 kwa Arusha napata wapi? Iliyopo ukiitazama ni ya zamani, imekunjamana pembeni, nimeibandua karibu yote nilipokuwa natafuta maandishi.


mwanakwetu_dom

Usitumie selotepu ya umeme, gundi inalainika na joto na inateleza. Tafuta tepu ya tyubulesi yenyewe, kama maduka ya Arusha hayana agiza Nairobi, basi za Namanga zinabeba kifurushi kidogo bila shida. Zungusha mara mbili kwa kuivuta, anzia upande wa pili wa tundu la valvu, si kwenye tundu lenyewe.


fundi_spoku

Ninayo ya 25 na ya 27. Niandikie ujumbe wa ndani, nitakutumia pamoja na namba ya dereva wa basi. Na kabla ya kubandika futa rimu na spiriti, ile ya hospitali, gundi ya zamani ikibaki hii mpya haishiki.


mzee_wa_chuma

Nimejaribu 85. Sijasema 80. Njia ya Bunju mikono haijauma. Hilo tairi la 25 la mlima_meru linauzwa bei gani?


mlima_meru

Mzee njoo inboksi 😄 pea nzima, mpya, moja tu ndio ilionja rimu usiku mmoja.